Mzee wangu wa Morogoro, vijana sio waoga

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na mnivumilie kwa urefu maana hili jambo nimekaa nalo muda na sijapata mtu wa kunisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha.

Wiki iliyopita mzazi mmoja wa Morogoro aliandika humu akilalamika kwamba vijana wa Kitanzania waliosomea kompyuta ni waoga, wenzao wa Kenya wanaingia Google na Microsoft wanalipwa hela ya maana, wa kwetu wamejazana benki na halmashauri wanavuta nyaya na kurekebisha printa. Mzee wangu, shikamoo. Sikatai kila ulichosema, na hilo la printa limenichekesha kwa sababu ni kweli kabisa, ukishasema umesomea kompyuta jirani anakuletea mpaka redio. Ila barua yako imenikuta katikati ya jambo lenyewe.

Nina ujumbe kwenye simu kutoka kwa dada mmoja wa idara ya kuajiri ya kampuni kubwa, kubwa kweli, katika zile ambazo hata bibi yangu kule kijijini anazijua jina, ananiuliza kama niko tayari kuanza usaili kwa kazi ya uhandisi wa programu, kituo cha kazi Nairobi. Nimeusoma nikaufunga, nikaufungua tena, nikamwonyesha mke wangu, mke akampigia kaka yake, sasa ukoo mzima una taarifa. Shemeji anasema hivi wewe bado unafikiria nini. Mama mkwe kauliza kama Nairobi kuna baridi na kama watoto watapata madrasa ya karibu. Baba mdogo kashaanza kutaja kiwanja kinachouzwa Kibaha. Aliyekuwa hajajibu ni mimi peke yangu, na sio kwa uoga, nilikuwa napiga hesabu, na hesabu yenyewe ndio nataka niiweke hapa maana naona wazazi wengi na vijana wengi wanaishia kwenye jina la kampuni tu.

Tuanze na hao Wakenya. Microsoft walifungua kituo chao cha uhandisi Afrika mwaka 2019, kwa mkupuo sehemu mbili, Nairobi na Lagos. Google wakatangaza cha kwao Nairobi mwaka 2022, na kabla ya hapo walishaweka maabara ya akili bandia Accra. Dar hawakuja, Dodoma hawakuja. Kwa hiyo kijana wa Nairobi anaamka kwao Rongai anapanda matatu anaenda kwenye semina ya hao jamaa anakula sambusa za bure anapiga stori na mtu aliyefaulu usaili mwaka jana, na huyo mtu ndio anampendekeza kwa ndani, na asikudanganye mtu, CV iliyopendekezwa na mfanyakazi wa ndani na CV iliyotumwa tu kwenye tovuti hazisomwi kwa jicho moja. Kijana wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, au wa Kijitonyama pale kwenye kampasi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anatuma kwenye tovuti, anasubiri, anapata barua pepe ya mashine inayosema asante kwa kuonyesha nia. Baada ya mwaka anachukua kazi benki. Wewe ukimwona pale benki unasema mwoga.

Hilo nimelimaliza. Sasa niseme la kwangu.

Mtu akikwambia amepata kazi kwenye kampuni kubwa ya teknolojia, usimpongeze kwanza. Muulize mkataba kasaini na nani. Nairobi hapo hapo, chini ya jina moja, kuna kazi mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Kuna mhandisi aliyeajiriwa na kampuni yenyewe, ana hisa, ana bima ya familia, ana kitambulisho chenye jina lao. Halafu kuna kijana anayefanya kazi ya kampuni hiyo hiyo kupitia kampuni ya kati. Nadhani wengi mlisikia habari za wale wachujaji wa maudhui, wale waliokuwa wanakaa kwenye kompyuta mchana kutwa kuangalia video za watu wanachinjwa na watoto wanateswa ili mimi na wewe tusizikute Facebook. Walikuwa wanaajiriwa na kampuni iitwayo Sama, pale Nairobi. Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi mwaka 2022 kuishitaki Meta wenye Facebook, na utetezi wa Meta ulikuwa kwamba wao sio waajiri wake na mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yao. Mahakama ya kazi Nairobi mwezi Februari 2023 ikasema wanashitakika, wakakata rufaa, Mahakama ya Rufani Septemba 2024 ikasema hivyo hivyo. Angalia lakini ilivyochukua muda, miaka miwili na ushee watu wanabishana tu kama kesi isikilizwe au isisikilizwe. Na Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba vijana wa kampuni hiyo hiyo waliosafisha data za OpenAI, watu wa ChatGPT, walikuwa wanaingiza chini ya dola 2 kwa saa.

Simdharau aliyefanya kazi ile, njaa haina adabu na ile ni kazi ngumu kuliko yangu. Nasema tu kwamba mzazi anayesikia kijana anafanya kazi ya Facebook Nairobi, na mzazi anayesikia kijana ameajiriwa na Facebook, wote wawili watachinja mbuzi, na mmoja wao kachinja bure.

Kwa hiyo swali la kwanza nililomwandikia yule dada wa kuajiri lilikuwa hilo, mkataba na nani. Akajibu vizuri tu bila kukwepa, mkataba ni na kampuni yenyewe tawi la Kenya. Sawa.

La pili lilikuwa kitengo gani, na hapa ndio penye utamu na ndipo watu wengi hawaulizi. Ofisi ya mbali na makao makuu inaweza kupewa moyo wa kazi au inaweza kupewa makombo. Mfano wa moyo uko hapa hapa Afrika. Ile huduma ya Amazon ya kukodisha seva, yani kompyuta za kuendeshea mifumo, inaitwa EC2, ambayo leo nusu ya programu unazotumia zinategemea vitu vya namna hiyo, ilitengenezwa na kikundi kidogo cha wahandisi Cape Town chini ya Chris Pinkham, ikatoka mwaka 2006. Cape Town! Sio Seattle kwenye makao makuu yao. Jamaa alitaka kurudi kwao Afrika Kusini, kampuni ikamwambia basi nenda nayo kazi huko, na kazi hiyo ikaja kuwa biashara ya mabilioni. Ukiingia kwenye kitengo cha namna ile wewe ni tajiri wa ujuzi hata kama mshahara ungekuwa wa kawaida.

Upande wa pili, Microsoft walivyoanza kupunguza mambo, kituo cha Lagos kikafungwa 2024, miaka mitano tu baada ya kukatwa utepe, Nairobi kikabaki. Twitter ndio hata sijui nisemeje, walitangaza 2021 kwamba makao yao ya Afrika yatakuwa Ghana, viongozi wakashangilia, Novemba 2022 wafanyakazi wa Accra wakapewa barua za kuachishwa siku chache tu baada ya kuhamia ofisini. Mtu ameacha kazi nzuri, amewaaga wenzake, kanunua suti. Kwa hiyo ukiwa ofisi ya mbali swali ni hili, hiki mnachofanya nyinyi Nairobi kesho kikisimama, kuna mtu makao makuu atapiga kelele? Kama hakuna, basi unakaa kwenye kiti cha plastiki. Dada wa kuajiri kanijibu kwamba kitengo kinajulikana baada ya kufaulu usaili, ndio utaratibu wao. Kumbe unafanya mtihani kwanza ndio unaambiwa shule gani. Ni kawaida kwenye baadhi ya makampuni haya, nimeulizia kwa watu, ila haikunipendeza na nimemwambia hivyo hivyo.

Na kupunguzwa sio habari za Afrika tu. Meta waliondoa watu 11,000 Novemba 2022, Januari 2023 Google wakatangaza 12,000, Microsoft 10,000, Amazon 18,000, yani ndani ya miezi mitatu, na wengine walijua wameachishwa asubuhi kwa sababu laptopu ya ofisi imegoma kufunguka. Julai 2025 Microsoft wakapunguza tena kama 9,000 na kampuni ilikuwa haina shida ya faida. Baba yangu mdogo alifanya kazi reli mpaka kustaafu, yeye akisikia kampuni kubwa anasikia pensheni. Ni vigumu kumweleza kwamba kampuni inaweza kuwa tajiri kuliko nchi na bado ikakuaga kwa barua pepe.

Sasa pesa, maana najua ndio mnasubiri.

Mshahara wa mhandisi kwenye hizo kampuni pale Nairobi ni mkubwa, sitaki kudanganya, unaushinda wangu wa sasa kwa mbali. Lakini kuna mshahara na kuna "kifurushi", na kifurushi ndio wanachokitaja watu kwenye stori za vijiweni. Sehemu kubwa ya kifurushi ni hisa, na hisa hupewi siku ya kwanza, zinagawiwa kidogo kidogo kwa miaka 4 kwa kawaida. Amazon wanajulikana kwa mgawo wa asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, halafu 40 na 40. Yani ukiachishwa au ukichoka mwishoni mwa mwaka wa pili, umechukua moja ya tano ya kile ulichomtajia mama mkwe. Mimi kwenye hesabu zangu hisa nimeziandika sifuri. Zikija ni neema.

Halafu makato. Sisi huku tunalia na asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi milioni moja kwa mwezi, Kenya ukipita laki tano za kwao ni 32.5, ukipita laki nane ni 35, juu yake kuna asilimia 1.5 ya nyumba na 2.75 ya bima ya afya. Na kwa sisi tuliosoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi hapa nyumbani, ukivuka Namanga mwajiri wa kule hakukatii lakini deni halivuki mpaka likapotea, unatakiwa ulipe mwenyewe, ukijisahaulisha linakungoja. Pango la nyumba sijalitaja. Ada ya shule za watoto sijaitaja, na mke wangu ana kazi yake hapa Dar, mwalimu, kibali changu cha kazi Kenya hakimpi yeye kazi. Tuna Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tangu 2010 lakini bado Mtanzania anahitaji kibali kufanya kazi Nairobi, na mshahara wa mke ukitoka kwenye hesabu ya nyumba, ile tofauti kubwa inapungua mpaka unashangaa. Haiishi, ila inapungua.

Hili la mwenza mbona halisemwi kwenye magazeti? Kila habari ya kijana aliyepata kazi kampuni kubwa inaandikwa kana kwamba kijana kazaliwa peke yake.

Nije kwenye usaili wenyewe, kwa faida ya mzee wangu wa Morogoro anayedhani ni kupeleka vyeti. Vyeti hawaangalii sana. Unapigiwa kwa video, dakika 45 hivi, unapewa swali unaandika programu mbele ya mtu anakuangalia, mara nyingine kwenye ukurasa mtupu ambao hauendeshi hicho unachoandika, kwa hiyo hujui kama umekosea mpaka akuambie. Swali linaweza kuwa hivi, una orodha ya namba, 3, 8, 11, 4, tafuta mbili zinazotoa jumla ya 15. Mtoto wa darasa la nne anakujibu hapo hapo, 11 na 4. Lakini wao wanataka njia itakayofaa hata orodha ikiwa na namba milioni moja. Ukisema nitalinganisha kila namba na kila nyingine, umeshapoteza, maana hapo mashine inafanya milinganisho karibu bilioni 500. Wanachotaka ni upite orodha mara moja tu, kila namba unayokutana nayo unajiuliza mwenzake anayekosekana nimeshampita? Na zile ulizopita unazihifadhi kwenye jedwali ambalo kuulizia ni papo kwa papo. Hilo ni jepesi, ndio la kupashia misuli. Yanayofuata yanahusu miti, yani data iliyopangwa kwa matawi, na kutafuta njia fupi na mambo ambayo mtu anayafanya mwaka wa pili chuo kisha hayagusi tena. Halafu kuna usaili wa kubuni mfumo mzima, kisha wa tabia, Amazon wana kanuni zao 16 na unatakiwa uwe na kisa cha kweli kutoka kazini kwako kwa kila moja.

Watu hufanya mazoezi ya maswali hayo miezi, kila usiku baada ya kazi. Hiyo miezi ndio gharama ambayo haipo kwenye tangazo la kazi. Mimi usiku wangu tayari una mwenyewe.

Niwaeleze kidogo. Kazi yangu ni mifumo ya malipo, inayounganisha mabenki na pesa za kwenye simu. Tarehe za mishahara, kuanzia kama 22 mpaka mwisho wa mwezi, sisi hatulali kwa amani. Inatokea hivi, mtu anatoa hela benki kwenda kwenye simu, benki inakata, inatuma, mtandao wa simu haujibu ndani ya muda. Je hela imefika au haijafika? Hujui. Mteja ana ujumbe wa benki kwamba amekatwa, kwenye simu hakuna kitu, anapiga, ni mama wa vitenge Kariakoo, mzigo uko kwenye gari dereva anataka hela yake aondoke, anakwambia mwanangu nisaidie. Mkono unakuwasha utume upya. Usitume! Kama ule wa kwanza ulifika ila jibu ndio lilipotea njiani, umemlipa mara mbili, na asubuhi benki inakudai wewe. Unachukua namba ya kumbukumbu ya muamala ule ule unauliza upande wa pili, huyu mmemwona? Wakisema ndiyo unafunga, wakisema hapana ndio unarudisha, wakisema subiri unasubiri, na mama wa vitenge yuko hewani anapumua. Zidisha mara mia kadhaa, saa nane usiku. Asubuhi mnakaa na mafaili mawili, la benki na la mtandao, mstari kwa mstari.

Nimeeleza haya sio kujisifu, ni kwa sababu kuna watu wanaongea kana kwamba kazi ya kweli ya teknolojia iko kwenye majengo ya vioo tu, huku tunacheza. Tanzania hii mitandao ya simu ilianza kutumiana pesa kati yao mwaka 2014, Tigo, Airtel na Zantel, Voda wakaingia 2016, tulikuwa wa mwanzo kabisa Afrika kukubaliana namna hiyo, na nchi nyingi tajiri wakati huo kutuma hela benki kwenda benki nyingine ilikuwa ni subiri kesho. Hata M-Pesa yenyewe ya Kenya tunayoisifia, iliyoanza 2007, seva zake zilikaa Ujerumani mpaka 2015 ndio zikahamishiwa Kenya. Walioihamisha bila watu kukosa hela zao ni wahandisi ambao hakuna gazeti lililowaandika kurasa mbili.

Sasa je, hiyo ni sababu ya kubaki? Hapana, na hapa natofautiana na wenzangu wa ofisini wanaosema heri tubaki tujenge nchi. Nchi unaijenga ukiwa na mshahara uliopanda mara moja tangu uajiriwe na bosi ambaye kila ukiomba seva ya akiba anauliza ya zamani imekufa? Kuna kitu kimoja kwenye makampuni makubwa ambacho huku sikipati, nacho ni mtu wa kunikosoa. Pale kazi yangu ndogo ya mistari kumi itasomwa na mhandisi mwenye uzoefu kabla haijaenda kwa watu, ataniambia hapa umefanya kienyeji, rekebisha. Huku mimi ndio mkubwa wa wote na kila ninachoandika kinapita. Hilo linanitisha kuliko kuachishwa. Kwangu mimi hiyo ndio sababu pekee inayosimama bila kuegemea pesa.

Kazini kuna dogo tumempokea kutoka UDOM, kijana mkali sana wa kichwa, anaishi kwa dada yake Ukonga, hana mke hana mtoto hana deni zaidi ya la Bodi. Ameniuliza na yeye ajaribu? Nimemwambia dogo wewe usiniige mimi, wewe jaribu sasa hivi na jaribu kwa nguvu zote, Nairobi, Warsaw, Dublin, popote, maana mazoezi ya miezi sita kwako hayamnyimi mtu chakula, na hata ukikosa, zile hesabu utakuwa umezijua na hakuna atakayekunyang'anya. Ila nikampa na ya upande wa pili. Wanaoondolewa mwanzo ni wadogo. Andela, ile kampuni iliyoanza 2014 kufundisha vijana wa Nigeria, Kenya na Uganda na kuwakodisha kwa makampuni ya nje, mwaka 2019 iliwaachisha kama 400 kwa mkupuo, karibu wote chipukizi, ikasema soko linataka wazoefu. Na siku hizi mashine inaandika programu nyepesi nyepesi ambazo zilikuwa ndio kazi ya kumfundishia chipukizi, kwa hiyo mlango wa chini umekuwa mwembamba. Ajiwekee mwisho. Akifika mwisho huo hajapata, aendelee na maisha bila kujiona kafeli, asiwe kama wale jamaa wanaokataa kila kazi miaka mitatu wanasema nasubiri Google.

Na Marekani nimemwambia aisahau kwanza. Viza ile ya H-1B ni nafasi 85,000 tu kwa mwaka kwa dunia nzima, na kwa miaka mingi imekuwa ni bahati nasibu hata kama kampuni inakutaka kwa hamu, na Septemba 2025 Trump akaweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya. Kampuni gani itatoa hizo kwa dogo wa Ukonga. Na ukishafika, ukiachishwa kazi una siku 60 upate mwajiri mwingine au uondoke nchini, na mkataba wa nyumba unao, na gari ya mkopo unayo.

Dogo kasikiliza yote kisha akauliza, kwa hiyo kaka wewe unaenda au huendi?

Nimemjibu yule dada. Nimemwambia naanza usaili, lakini sitasaini kitu chochote kabla sijaongea walau nusu saa na mtu atakayekuwa bosi wangu na mtu mmoja anayefanya kazi kwenye kitengo hicho, na nikiambiwa kitengo hakijulikani mpaka nihamie, basi tutaagana vizuri. Mke wangu tumekubaliana mwaka wa kwanza yeye na watoto wanabaki Tabata, mimi narudi kwa basi likizo na sikukuu, tukiona panakalika ndio tuongee habari za shule. Shemeji kanuna, anasema masharti ni ya mtu aliyeshapata. Labda. Lakini ukishasaini nani atakusikiliza?

Kuhusu siku ya usaili nimemwomba isiangukie kuanzia tarehe 22 kwenda mwisho wa mwezi, akauliza kwa nini, nikamweleza, akacheka, akasema wengi wanaomba baada ya sikukuu ila hii ya mishahara hajawahi kuisikia. Tumepanga tarehe 9.

Mhariri, ombi langu kwako na kwa wasomaji ni moja. Kama yupo Mtanzania aliyewahi kufanya au anayefanya kazi kwenye vituo hivyo vya Nairobi, aandike humu, hata bila kutaja jina lake. Mshahara asituambie kama hataki. Atuambie Jumatatu akifika ofisini anafanya nini, na kitu alichokitengeneza mwaka jana bado kipo au kilishazimwa.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa mifumo ya malipo,
Tabata, Dar es Salaam